Shahada Unaisoma Nyumbani, Watu Utawapata Wapi?

 

Leo nawaelekea watu ambao mnawafahamu, maana wako katika kila familia sasa: wale wanaosoma shahada ya uzamili kwa njia ya mtandao. Yuko mwalimu wa sekondari kule Sumbawanga. Yuko muuguzi Mtwara, mhasibu wa halmashauri Musoma, afisa wa benki Eldoret, na kijana wetu anayefanya kazi Muscat. Mchana wako kazini kama kawaida. Usiku, watoto wakishalala, wanafungua kompyuta na kuingia darasani. Ada wanalipa kwa jasho lao, kazi wanaziandika, mitihani wanafaulu. Lakini mwisho unapokaribia, wengi wao hujiuliza swali zito: cheti nitakipata, je, watu?

Ni swali la haki. Anayerudi kusoma uzamili hafuati vitabu peke yake. Anafuata pia watu wa fani yake: wa kumpa habari, wa kumsahihisha, wa kumwambia kuna mradi unaanza mahali fulani. Aliyesoma akikaa bweni pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, aliwapata watu hao bila kuwatafuta. Alikutana nao kwenye foleni ya chakula, kwenye ngazi za maktaba, na nje ya ofisi ya mhadhiri walikokaa saa nzima wakingoja zamu. Anayesoma kwa mtandao hana foleni hiyo. Kipindi kikiisha, mwalimu anaaga, picha zinapotea kwenye skrini, na kila mmoja anabaki sebuleni kwake.

Hoja yangu leo ni moja, na naitanguliza ili tutembee nayo. Mwanafunzi wa mtandaoni anaweza kujenga mahusiano ya kitaaluma yenye nguvu sawa na ya aliyekaa bweni. Lakini hayatamfuata alipo. Itambidi ayajenge kwa makusudi, na nyenzo yake kubwa ni kazi yake mwenyewe: kazi ambayo watu wanaiona, na msaada anaoutoa kabla hajaomba wa kwake.

Kusoma ukiwa mbali na chuo si jambo lililozuka jana. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kilianza kufundisha kwa njia ya posta mwaka 1946. Uingereza walianzisha Chuo Kikuu Huria chao mwaka 1969. Tanzania, Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Chuo Kikuu Huria mwaka 1992, na wanafunzi wa kwanza wakaanza masomo mwaka 1994. Jirani zetu wa Kenya walipata Chuo Kikuu Huria chao mwaka 2023, kikiwa na makao yake Konza. Kwa hiyo tuna vizazi kadhaa vya watu waliosoma bila kukaa chuoni, na kwao tuna mengi ya kujifunza.

Nichague darasa moja tu katika historia hiyo. Nelson Mandela alitunukiwa shahada yake ya sheria na UNISA mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Miaka mingi kabla ya hapo, katika Kisiwa cha Robben, yeye na wenzake wengi walikuwa wakisoma kwa posta. Vitabu vilikuwa haba, na ruhusa ya kusoma iliweza kufutwa kama adhabu. Mchana walipelekwa kwenye machimbo ya chokaa, na huko huko machimboni ndiko walikofundishana. Walter Sisulu, mfungwa mwenzao, aliwafundisha wenzake historia ya chama chao. Aliyejua sheria alimfundisha asiyeijua, na aliyejua kusoma alimfundisha asiyejua herufi. Kisiwa kile kikapata jina la chuo kikuu. Dikgang Moseneke alipelekwa pale akiwa na umri wa miaka 15, akasoma akiwa gerezani, na baadaye akawa Naibu Jaji Mkuu wa Afrika Kusini.

Msikilizaji, zingatia jambo hili. Masomo ya watu wale yalitoka mbali, lakini darasa lao lilikuwa wale waliokuwa karibu nao. Hawakukubali kwamba kusoma kwa posta maana yake ni kusoma peke yako. Ikiwa wao, chini ya ulinzi wa askari, waliweza kufundishana, sisi wenye simu mkononi tunaweza.

Sasa najua kuna msikilizaji aliyekwisha kukunja uso. Anasema: huyu naye anatufundisha koneksheni. Namwelewa, na ana sababu. Vijana wengi wamejaza fomu za kazi huku wakiamini kwamba nafasi imeshapata mwenyewe, mtoto wa fulani au mpwa wa fulani. Hilo ni upendeleo, linaua taasisi, na silitetei hata kidogo. Upendeleo ni kumpa mtu nafasi asiyoistahili kwa sababu ya damu yake au bahasha yake. Uhusiano wa kitaaluma ni mtu wa fani yako kuweza kusimama mbele ya wenzake na kusema: kazi ya huyu nimeiona, naijua. Upendeleo unaficha udhaifu wa mtu. Uhusiano wa kitaaluma unaweka wazi uwezo wake, na anayemsemea anahatarisha jina lake mwenyewe akisema uongo.

Kwenye utumishi wa umma wa Tanzania, usaili wa Sekretarieti ya Ajira utaufanya wewe mwenyewe, na hapo hapana wa kukujibia maswali. Lakini nani alikuambia kwamba kuna shirika linatafuta mtu anayejua takwimu za afya? Nani alikueleza kwamba wizara inaandaa mwongozo mpya na inapokea maoni? Habari za namna hii hupita kwa watu, na hupita kwa watu tusiowatarajia.

Mwanasosholojia wa Kimarekani Mark Granovetter alilichunguza jambo hili. Mwaka 1973 alichapisha makala ambayo mpaka leo inasomwa vyuoni dunia nzima. Aliwahoji watu wa mji wa Newton, jimbo la Massachusetts, waliokuwa wamebadilisha kazi karibuni, watu wa kazi za kitaalamu na za uongozi. Aliwauliza waliopata kazi kupitia mtu: huyo mtu mlikuwa mnaonana mara ngapi? Waliosema wanaonana naye mara kwa mara hawakufika hata 17 katika kila 100. Zaidi ya nusu walisema wanaonana naye kwa nadra kiasi, na zaidi ya robo walisema karibu hawaonani kabisa. Wengine hata walimsahihisha mtafiti alipomwita mtu huyo rafiki. Wakasema ni mtu wanayefahamiana naye tu.

Waswahili tunasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na ni kweli tupu. Ukiuguliwa, ukifiwa, rafiki wa karibu ndiye anayefika kwanza. Lakini rafiki wa karibu anajua yale yale unayoyajua wewe. Mnafanya kazi ofisi moja, mnasali pamoja, mnasikia habari zile zile. Habari mpya inatoka kwa mtu anayeishi kwenye mduara mwingine. Mwaka 2022 watafiti walichapisha katika jarida la Science matokeo ya majaribio yaliyofanyika kwenye mtandao wa LinkedIn, yakihusisha watumiaji zaidi ya milioni 20 katika kipindi cha miaka mitano. Nao walikuta kwamba watu wa kufahamiana kiasi, wasio wa karibu sana na wasio wageni kabisa, ndio waliosaidia zaidi watu kuhamia kazi mpya.

Hapo ndipo mwanafunzi wa mtandaoni anapaswa kufumbua macho. Darasa lake limejaa watu wa namna hiyo hiyo. Wenzake wametawanyika mikoani na ng'ambo, na wengi wako kazini tayari: mmoja bandarini, mwingine hospitalini, wa tatu kwenye shirika la wakimbizi Kigoma, wa nne bungeni Dodoma. Aliyekaa bweni alisoma na vijana ambao wengi wao bado wanatafuta pa kuanzia. Wewe unasoma na watu ambao leo hii wanashika mafaili. Utajiri huo umeulipia katika ada yako. Unautumiaje?

Anza na wanafunzi wenzako, na anza wiki za mwanzo. Kila darasa lina kundi lake la WhatsApp. Mara nyingi wiki ya kwanza ni salamu, ya pili ni kuulizana tarehe za kuwasilisha kazi, na baada ya hapo ni kusambaziana video. Usikubali liishie hapo. Jitambulishe vizuri: jina, kazi, mkoa, na swali linalokusumbua kazini mpaka ukaamua kurudi shule. Swali hilo ndilo litakalomfanya mwenzako akukumbuke, kwa sababu huenda linamsumbua naye. Kisha tafuta wanne au watano mtakaokutana mtandaoni saa moja kila wiki. Kila wiki mmoja anashika zamu: anasoma makala moja kwa niaba ya wote, anaieleza, na wengine wanambana kwa maswali. Bando likiwa dogo, zima kamera, lakini usizime sauti. Na siku ya kwanza washa kamera japo dakika mbili, wenzako waione sura yako.

Kazi za vikundi ndizo zinazochukiwa kuliko zote, na ndizo zenye thamani kuliko zote katika jambo hili. Katika kazi ya kikundi wenzako wanajua kitu ambacho cheti hakitasema kamwe: kama ulileta sehemu yako siku mliyokubaliana, kama ulipokea kusahihishwa bila kununa, kama ulimbeba mwenzako aliyefiwa wiki ile. Miaka mitano baadaye mmoja wao ataulizwa na bosi wake kama anamjua mtu wa kuaminika. Atakumbuka kile kikundi. Ama atalitaja jina lako, ama atanyamaza.

Na palipo na nafasi ya kuonana ana kwa ana, usiipoteze. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina vituo vya mikoa. Siku ya mtihani au ya kikao pale kituoni, wengi hufika dakika ya mwisho na kuondoka na basi la kwanza. Wewe fika mapema, na baada ya hapo kaa unywe chai na wenzako. Kama masomo yako ni ya chuo cha nje, uliza katika mji wako ni nani mwingine anayesoma chuo hicho. Saa moja ya kukaa meza moja hukaza yale mliyoandikiana kwa miezi.

Baada ya wenzako, kuna walimu. Mhadhiri wa mtandaoni ana orodha ndefu ya majina mbele yake, na mengi yatabaki majina mpaka matokeo yatoke. Atakufahamu kwa swali. Na swali linalomfanya mwalimu akutambue ni lile linaloonyesha kwamba umesoma: ukurasa fulani mwandishi anasema hivi, lakini katika zahanati yetu naona vile, kwa nini? Mwandikie kwa adabu, kwa anwani yake ya chuo, saa za kazi, na umsalimu kama unavyomsalimu mtu wa heshima yake. Ingia kwenye saa alizotenga za kuonana na wanafunzi, hata kama una jambo dogo tu. Siku utakapomwomba barua ya mapendekezo, atakuwa na la kuandika zaidi ya alama zako.

Kuna anayesoma vyuo vya mbali zaidi. Kipindi cha saa kumi na mbili jioni London, wakati wa baridi, hapa kwetu ni saa tatu usiku, hilo linawezekana. Lakini saa kumi na mbili jioni ya Atlanta, wakati huo huo wa baridi, kwetu ni saa nane usiku, na mtu ana kazi asubuhi. Usikate tamaa kwa ajili ya saa. Chuo cha Georgia Tech kilichopo Atlanta kilianza mwaka 2014 kutoa shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta mtandaoni, kwa ada ya jumla ambayo wakati huo haikuzidi dola 7,000, na masomo yake hurekodiwa ili kila mtu ayafuate kwa saa zake. Wengi wa wasaidizi wa kufundisha katika programu ile ni wanafunzi na wahitimu wake wenyewe, wanaofanya kazi hiyo wakiwa makwao. Kama somo umelifaulu vizuri, uliza kwenye chuo chako kama unaweza kusaidia kufundisha wanaokuja nyuma. Anayefundisha hujulikana na walimu kwa upande mmoja na wanafunzi kwa upande mwingine.

Sasa nifike kwenye lile ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote, nalo ni utafiti. 

Shahada nyingi za uzamili zinadai tasnifu. Wanafunzi huiona kama mlima wa mwisho unaowazuia kuvaa joho. Mimi naiona kama ufunguo wa ofisi ambazo vinginevyo usingeingia. Hapa Tanzania, mwanafunzi anayekwenda kukusanya data anapewa na chuo barua ya kibali. Barua hiyo hupelekwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inateremka wilayani na kwenye halmashauri, mpaka ifike kwenye kituo cha afya, shule au kijiji anakotaka kwenda. Wengi hulalamikia mzunguko huo. Lakini kila meza barua inapopita ameketi mtu wa fani, na unayo sababu halali ya kuzungumza naye.

Chukua mfano wa yule mhasibu wa halmashauri. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Tuseme mhasibu wetu anaamua kuchunguza kwa nini vikundi vingine hurejesha mikopo na vingine havirejeshi. Utafiti huo utamkutanisha na Afisa Maendeleo ya Jamii anayevifahamu vikundi kwa majina. Atakaa na Mweka Hazina na Mkaguzi wa Ndani. Atazungumza na afisa wa benki. Atakwenda mpaka kwa akina mama wa ufugaji wa kuku na vijana wa bodaboda, asikie kwa vinywa vyao. Kwa miezi michache atakuwa amezungumza na kila mtu anayehusika na jambo lile katika wilaya nzima, tena kwa maswali ya kitaalamu, si kwa kuomba kitu. Akichagua vizuri mada yake, yaani tatizo ambalo ofisi zenyewe zinahangaika nalo, watu watataka kujua amegundua nini.

Na hapo ndipo wanafunzi wengi wanapojiharibia. Wakishapata data zao, wanatoweka. Yule Afisa Maendeleo ya Jamii aliyeacha kazi zake akafungua mafaili hawaoni tena, wala haoni matokeo. Tasnifu inaandikwa kwa Kiingereza, kurasa mia na zaidi, inakaa maktaba. Nakusihi, ndugu yangu, usifanye hivyo. Ukishafaulu, andika muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili kinachoeleweka: niliuliza nini, nimekuta nini, nashauri nini. Upeleke kwa kila ofisi iliyokupokea. Omba dakika 15 kwenye kikao chao uwaeleze. Rudi kwenye vikundi vile uwaambie walichokusaidia kukijua. Hili ni deni la heshima kwanza, kabla hatujafika kwenye faida. Lakini faida ipo: anayerudi hukumbukwa, kwa sababu ni wachache wanaorudi. Siku halmashauri itakapohitaji mtu wa kuzungumzia mikopo ile, jina litakalotajwa linajulikana.

Msikilizaji, jambo hili la kutoa kabla ya kupokea tunalijua vizuri tangu zamani. Katika upatu, kila mmoja huchangia kwa zamu za wenzake, na hakuna anayeona ajabu kwamba zamu yake itafika baadaye. Mahusiano ya kitaaluma yanakwenda vivyo hivyo. Tuma kwa mwenzako tangazo la kazi linalomfaa yeye, hata kama wewe halikufai. Soma rasimu ya mwenzako. Mjulishe mtu kwa mtu mwingine pale unapoona wote watanufaika. Mkono mtupu haulambwi, na mwanafunzi asidhani mkono wake ni mtupu kwa kuwa hana cheo. Una muda wa kusoma makala ambazo mkuu wako hana muda nazo. Una maarifa mapya. Unajua yanayotendeka huko chini kwenye kazi. Hivyo vyote vina thamani.

Nje ya chuo ziko bodi na vyama vya taaluma. Wahasibu na wakaguzi wana NBAA, wataalamu wa ununuzi na ugavi wana bodi yao, wahandisi wana ya kwao, mawakili wana Chama cha Wanasheria Tanganyika, na wahasibu wa Kenya wana ICPAK. Hufanya mikutano na mafunzo mwaka mzima, na baadhi yake siku hizi hufanyika mtandaoni. Jiunge, hudhuria, na usikae kimya. Uliza swali moja zuri baada ya mada, na kesho yake mwandikie mtoa mada.

Nami nataka nikae kidogo hapo kwenye kuandika, maana ndipo wengi wanapokwama. Mtu anampata mtaalamu fulani kwenye LinkedIn, anamwandikia: habari za saa hizi mkuu, naomba unisaidie koneksheni ya kazi yoyote. Ujumbe kama huo haujibiwi, na si kwa sababu ya kiburi. Aliyeupokea hamjui aliyeandika, hajui anaweza nini, wala hajui aanzie wapi kumsaidia. Sikiliza ujumbe mwingine: 

“Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi mkoani Lindi, nipo mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Nimehudhuria mada yako kuhusu chanjo, nikaguswa na ulivyoeleza suala la akina mama wanaoishi mbali na kituo. Kwetu tulijaribu kuwafuata siku ya mnada, na nimeandika ukurasa mmoja kuhusu tulichokiona. Ukipata nafasi ningefurahi uusome, na unielekeze ni nani mwingine anayelifanyia kazi suala hili. Asante kwa muda wako.”

Ujumbe huu una salamu ya heshima, una mwandishi anayejulikana ni nani, una kazi iliyofanyika, na una ombi dogo linalojibika. Hauombi kazi. Lakini mama yule akiusoma, tayari anajua Lindi kuna muuguzi anayefikiri. Asipojibu, ngoja wiki mbili umkumbushe mara moja kwa upole, kisha endelea na wengine. Akijibu, fuata maelekezo yake, na umrudishie taarifa ya kilichotokea. Kurudisha taarifa ndiko kunakogeuza ujumbe mmoja kuwa uhusiano.

Niseme neno kwa akina dada na akina mama. Mahusiano mengi ya kikazi katika nchi zetu hujengwa jioni baada ya kazi, kwenye meza za vinywaji au viwanja vya mpira, mahali ambapo mwanamke mwenye mtoto wa kunyonyesha hafiki, na pengine hakaribishwi. Masomo ya mtandaoni yamefungua mlango mwingine. Hoja yako ikiandikwa vizuri, inasomwa bila kujali uliandika saa ngapi na ukimpakata nani. Itumie nafasi hiyo kwa ukamilifu. Na jihadhari. Akitokea mtu, awe mwalimu, bosi au mfadhili, anayeufanya mwili wako kuwa sharti la kukusaidia, huyo anatenda kosa la jinai. Kwa Tanzania, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inalitaja waziwazi. Tunza ujumbe wake, waambie unaowaamini, peleka taarifa kwenye taasisi ya kupambana na rushwa, TAKUKURU. Vilevile anayekuomba fedha ili akupatie kazi ni tapeli. Achana naye mara moja.

Kabla sijamaliza, nizungumze na msikilizaji ambaye si mwanafunzi. Wewe meneja, mganga mkuu, mkuu wa shule, mhandisi mwandamizi. Wewe uliyehitimu zamani, na leo una cheo. Hawa ninaowahimiza watakuandikia wewe. Muhtasari wa kurasa mbili utaletwa mezani kwako. Muuguzi wa Lindi atangoja jibu lako. Tunalalamika kila siku kwamba kazi zinakwenda kwa kujuana, na tunalalamika kwa haki. Njia mojawapo ya kuuvunja upendeleo huo ni wewe kuwafungulia mlango watu usiowajua, ukaangalia kazi zao, na ukazisema zilivyo. Usipowajibu hawa wanaokuja na kazi mkononi, mlango utabaki kwa wale wanaokuja na jina la mjomba.

Huhitaji kuahidi ajira. Jibu kwa mistari mitatu. Sema umeisoma, sema panapopungua, taja mtu mmoja wa kumwona. Mkaribishe aeleze utafiti wake kwenye kikao cha idara. Mtoto wa mkulima wa Sumbawanga aliyejisomesha usiku kwa mshahara wa ualimu anastahili kufahamika kwa kazi yake sawasawa na mtoto wa mkubwa yeyote, na wewe unao uwezo wa kumfahamu.

Nawe mwanafunzi, usingoje siku ya joho. Wiki hii waandikie watu wawili: mwenzako mmoja wa darasani ambaye hamjawahi kuzungumza, na mtaalamu mmoja ambaye kazi yake umeisoma. Wapelekee kitu cha kuwafaa. Shahada utaisoma kwa miaka miwili au mitatu; fani utaishi nayo maisha yako yote, na katika fani hufanyi kazi peke yako.